NTA YA GOBORE: Nilivyoitafuta Nyamongo Nikakutana na Historia



Najua mmenisema sana kwa huu ukimya wangu. Mara "jamaa kadisko", mara "kaozeshwa huko kwao". Hakuna hata moja. Nilikuwa nyumbani Nyamongo kwa likizo, mtandao unakuja na kuondoka unavyotaka wenyewe, nikaona bora nitulie. Sasa nimerudi hosteli, bumu halijatoka, wali maharage kama kawaida, na muda wa kuandika upo. Anayefikiria kunipiga mzinga leo asijisumbue, maana mimi mwenyewe nilikuwa kwenye foleni ya kuwapiga ninyi. Ila hilo neno mzinga mlishike vizuri, mbele tutalihitaji.

Leo nawaletea historia, lakini msikimbie. Haina desa, haina mtihani.

Chanzo ni semina ya mwisho kabla ya likizo. Nilipewa mada ya silaha za moto Afrika Mashariki karne ya 19. Nikasimama mbele nimechomekea, nikatamka kwa kujiamini kwamba wazee wetu walishindwa kwa sababu wao walikuwa na magobore na Wazungu walikuwa na bunduki. Mwalimu akaniuliza kitu kimoja tu: "Gobore na bunduki tofauti yake nini?" Nikajibu kwamba gobore ni la zamani. Darasa zima likacheka. Yule mzee akavua miwani, akasema, "Hiyo ni tofauti ya umri. Nenda kaniletee tofauti ya kazi." Nikakaa chini, masikio yamewaka moto.

Basi bwana, likizo ikafika. Ukitoka Tarime mjini unapita Nyamwaga, na kabla hujafika kwetu unaanza kuona vilima ambavyo havikuwepo babu zetu walipokuwa wanachunga. Ni mawe yaliyotolewa chini na mgodi wa North Mara na kurundikwa juu. Chini ya vilima hivyo ndiko kwetu, mahindi upande mmoja, mihogo upande mwingine, na babu yangu amekaa chini ya mti anaulizia kama huko Dar bado kuna joto.

Babu aliwahi kuwa na gobore. Lilikuwa na kibali, la kulindia shamba dhidi ya nyani na nguruwe pori. Sisi wajukuu tulikuwa tunaliona kwa mbali tu, ukilisogelea unachapwa. Baadaye ikaja moja ya zile misamaha ya serikali ya kusalimisha silaha, babu akalifunga kwenye gunia, akapanda gari, akalipeleka polisi mwenyewe. Hakulisema tena. Mimi nikajua limekwisha na kila kilicho chake.

Kumbe hapana. Siku ya tatu nilitumwa kutafuta misumari chumbani kwake, nikakuta kopo la zamani la Kimbo. Ndani kuna kitu kigumu cha rangi ya njano iliyochafuka, kinanukia asali kwa mbali na kondoo kwa karibu.

"Babu, hii nini?"

"Mafuta ya gobore."

"Kwani gobore linapakwa mafuta?"

Akaniangalia kwa muda mrefu. "Wewe mura, huko chuo mnasoma nini hasa?"

Kwa wale wa mjini, ngoja niwaelekeze. Gobore ni bunduki inayolishwa kwa mdomoni. Unamimina baruti, unafuatisha risasi, unashindilia na mdeki, ule ufito mrefu, halafu fataki kule nyuma inawasha moto. Ukishapiga unaanza upya kuanzia A. Babu akaniambia baruti ina maadui wawili. Wa kwanza ni maji. Wa pili ni uchafu wake yenyewe, kwa sababu baruti nyeusi haiungui yote ikawa hewa, zaidi ya nusu ya uzito wake inageuka moshi na masizi. Ukipiga mara tatu nne, mtutu unaziba kama koo la mtu mwenye mafua, risasi inayofuata haishuki.

Dawa yake ni kitambaa kidogo kilichopakwa mafuta, unaizungushia risasi kabla ya kushindilia. Kitambaa kinalainisha masizi, kinazuia unyevu kufika kwenye baruti, na risasi haidondoki ukiinamisha bunduki. Mafuta ya kondoo peke yake hayafai. Jua la mchana linayayeyusha, yanashuka, yanalowesha baruti, na nguruwe anakula mihogo huku anakuangalia. Ndiyo maana unachanganya na nta ya nyuki. Mafuta ya kondoo yanalegea chini ya nyuzi 50, nta safi inasubiri hadi zaidi ya 60. Babu hana habari na nyuzi, yeye kasema tu, "Nta inayafundisha mafuta kukaa."

Hapo nikaona jibu la semina linanukia. Nikaamua nitengeneze kopo langu jipya, niende nalo darasani. Siyo gobore jamani, mafuta tu! Babu akasema sawa, mafuta ya kondoo yapo, nta katafute.

Nikaenda senta. Duka la kwanza nikaomba nta, nikapewa mshumaa. Nikasema siyo hii, muuzaji akasema mshumaa si ndiyo nta. (Siyo. Mishumaa mingi ya dukani ni parafini, inatokana na petroli, wala nyuki hajawahi kuiona.) Duka la pili nikapewa dawa ya viatu. Duka la tatu kulikuwa na wateja wengi, muuzaji akauliza kwa sauti, "Nta ya kufanyia nini?" Na mimi mtoto wa chuo, bila kufikiri, nikajibu kwa sauti vilevile, "Ya gobore."

Kimya. Mama mmoja akachukua chumvi yake akaondoka bila chenji. Kijana mmoja akaniangalia kuanzia viatu hadi kichwa. Muuzaji akasema hana, na wala hajui inakopatikana.

Jioni shangazi alikuwa tayari ana habari. Alinisema hadi ugali ukapoa. "Unajua unaongelea wapi? Hapa ni Nyamongo, siyo kwenye vitabu vyenu!" Na alikuwa na haki. Vijana wengi wa Kikurya walikuwa jeshini wakati wa vita ya Uganda ya 1978 na 1979, na baada ya vita ile baadhi ya bunduki zilirudi huku, wizi wa ng'ombe ukabadilika sura kutoka mishale na mikuki kuwa risasi. Halafu likaja suala la mgodi, na watu wanaoingia kutafuta mawe yenye dhahabu. Mei 16, 2011 watu wasiopungua watano waliuawa pale kwa risasi za polisi. Kwetu hizi siyo mada za semina. Kuna nyumba ambazo ukitaja neno bunduki, mtu anainuka anatoka nje. Mimi nilisahau kwa sababu nilikuwa nafikiria maksi.

Kesho yake nikajifunza adabu. Nikaanza kuomba "nta ya uzi". Fundi viatu mmoja akacheka, akanionyesha kipande chake cheusi anachopitishia uzi wa kushonea, kidogo kama punje ya hindi. Hauzi. Ila akaniambia siku ya gulio anakuja mzee kutoka ng'ambo ya Mto Mara, upande wa Serengeti, anauza asali.

Nikamsubiri. Akaja na asali kwenye chupa za konyagi, nzuri, nyeusi kidogo. Nikamuuliza, "Shikamoo mzee, nta unauza?" Akajibu marahaba, nta ndiyo nini. Nikamwelezea. Akasema, "Aaa, masega! Hayo nakamua natupa." Jamani! Wiki nzima natafuta kitu ambacho mwenye nacho anakitupa. Gulio lililofuata akaniletea mfuko mzima wa rambo, akakataa hela, akapokea soda.

Kutengeneza ni rahisi. Unafunga masega kwenye kitambaa, unatia kwenye sufuria ya maji ya moto, unabonyeza kwa mwiko. Nta inatoka inapanda juu, uchafu unabaki kwenye kitambaa. Ikipoa usiku kucha, asubuhi unakuta mkate wa njano unaelea. Mfuko mzima ulinipa kipande cha ukubwa wa sabuni ya mche iliyokatwa nusu. Shangazi hadi leo anaidai sufuria yake.

Sasa wakati nasubiri nta ipoe, nikawa nasoma vile vitabu nilivyobeba. Hapa ndipo wadau naomba mkae vizuri.

Kitu cha kwanza: magobore yalikuwa mengi ajabu. Mwaka 1888 mwakilishi wa Uingereza Zanzibar, Euan-Smith, alikadiria kwamba silaha za moto kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zinapitia huko kwa mwaka kwenda bara. Majeshi ya Ulaya yalikuwa yanabadilisha silaha kila baada ya miaka michache, na za zamani zikatafutiwa soko huku kwetu. Mirambo wa Urambo, aliyefariki 1884, alijenga dola yake kwa kuzijua vizuri bunduki hizo na njia za biashara zilizozileta. Kwa hiyo ile hadithi kwamba wazee walikuwa na mikuki mitupu, tuiache.

Kitu cha pili: mwaka 1890 mataifa 17 yalisaini mkataba Brussels, Zanzibar ikiwemo. Tunaukumbuka kwa kupiga vita biashara ya utumwa, lakini ndani yake kuna sehemu ya silaha. Ilizuia kuingiza silaha katika sehemu kubwa ya Afrika, kuanzia nyuzi 20 kaskazini mpaka 22 kusini. Ikaacha upenyo mmoja. Kwa masharti fulani, Mwafrika angeweza kuuziwa bunduki ya gumegume isiyo na mifereji, na baruti ya kawaida.

Gumegume, wadau! Ni ile bunduki ya zamani zaidi, isiyo na hata fataki, inayowashwa kwa cheche za jiwe. Leo dada zetu wakisema "mwanaume gumegume" wanamaanisha yupo yupo tu, hana msaada.

Lakini kilichonisimamisha ni hayo maneno mengine, "isiyo na mifereji". Nikaenda kwa babu nikamuuliza, gobore lako ndani lilikuwaje? Akasema laini, kama bomba la maji. Na ile ya jeshini? Akazungusha kidole hewani. "Ndani ina mifereji, inazunguka hivi."

Hapo ndipo kitambaa chenye nta kinapopata kazi yake kubwa. Kwenye mtutu laini, kitambaa kinaziba tu na kulainisha. Risasi inatoka inayumba, na ukipita mita 100 unaomba Mungu. Kwenye mtutu wenye mifereji, kitambaa kinashika mifereji na kuishika risasi, risasi inazunguka kama pia, inaenda moja kwa moja mita mia kadhaa. Wawindaji wa Marekani walikuwa wanafanya hivyo tangu karne ya 18. Nta ni ile ile, mafuta yale yale, kitambaa kile kile. Kinachobadilika ni mifereji.

Na msidhani nta ni mambo ya babu na kopo lake la Kimbo. Mwaka 1857 maaskari wa Kihindi wa Waingereza waliasi, na mojawapo ya cheche ilikuwa mafuta ya kulainishia risasi za bunduki mpya za Enfield. Karatasi ya risasi ilifunguliwa kwa meno, na habari zikaenea kwamba imepakwa mafuta ya ng'ombe na nguruwe. Mhindu asingekubali ya kwanza, Mwislamu asingekubali ya pili. Wakuu wakaja kuruhusu kila askari apake mchanganyiko anaoupenda mwenyewe, lakini imani ilikuwa imeshavunjika.

Baadaye zikaja risasi za ganda la shaba. Na ndani ya ganda la Martini-Henry ya Waingereza, na la Mauser ya mwaka 1871 ya Wajerumani, kati ya baruti na risasi, waliweka kidonge cha nta ya nyuki. Kazi yake ni ile ile aliyonieleza babu chini ya mti. Hiyo Mauser ya 1871 ndiyo waliyoshika askari wengi wa Kijerumani hapa kwetu.

Sasa unganisheni. Enzi ya Wajerumani nta ya nyuki ilikuwa mojawapo ya bidhaa zilizotoka koloni hili kwenda nje, pamoja na pembe za ndovu, mpira na katani. Unyamwezi walikuwa wanatundika mizinga ya magome kwenye miombo toka zamani, na kusini nako walirina. Mwaka 1905 Vita ya Maji Maji ilipoanza Umatumbi, wapiganaji walibeba mikuki, mishale na magobore, na ile dawa ya Kinjikitile waliyoamini itageuza risasi kuwa maji. Wanahistoria wengine wanakadiria waliokufa hadi vita inaisha mwaka 1907 walikuwa 250,000 hadi 300,000, wengi kwa njaa baada ya mashamba na maghala kuchomwa.

Kwa hiyo watu wenye nta nyingi kuliko karibu mtu yeyote walipigana na mitutu laini, dhidi ya watu ambao nta ilikuwa imekaa tayari ndani ya ganda, ikisubiri mifereji. Hatukukosa nta. Hatukukosa hata bunduki. Tulinyimwa mifereji, tena kwa mkataba uliosainiwa. Hilo ndilo jibu nililokuwa nalitafuta, na lilikuwa linaelea kwenye sufuria ya shangazi.

Na sasa lile neno mzinga. Kiswahili kinatumia neno moja kwa nyumba ya nyuki na kwa ile bunduki kubwa ya kubomolea ngome, kwa sababu zote zinafanana, kitu cha mviringo chenye uwazi ndani. Ndiyo maana shirika la jeshi pale Morogoro linalotengeneza risasi linaitwa Mzinga na hakuna anayekwenda kununua asali. Novemba 1914 mizinga hiyo miwili ilikutana Tanga. Waingereza walileta wanajeshi kama 8,000, wengi kutoka India, dhidi ya kama 1,000 wa Lettow-Vorbeck. Askari wengi wa Kijerumani bado walikuwa na ile Mauser ya 1871, ambayo kila ikipiga inatoa wingu la moshi linalomwambia adui ulipo. Katikati ya vita, mizinga ya nyuki iliyokuwa kwenye miti ikavurugwa na risasi. Nyuki wakatoka, wakauma pande zote mbili, na baadhi ya Waingereza wakaamini kabisa kwamba ni mtego wa Wajerumani. Waingereza walirudi melini na kuacha bunduki za kisasa za kutosha kampuni tatu. Ile vita hadi leo wengine wanaiita vita ya nyuki.

Nikarudi chuo na kopo langu. Room mate wangu alilikuta mezani, akadhani ni losheni ya asili, akapaka magaga na midomo kwa siku mbili. Anasema ni nzuri ila mbuzi wa cafeteria wanamfuata. Sikumwambia ni ya nini mpaka leo, kwa hiyo kaka, kama unasoma hapa, pole sana.

Semina ilipofika nikaweka kopo mezani kwa mwalimu. Safari hii sikusema "la zamani". Nikasema tofauti ni mifereji, na mifereji ilikuwa na sheria yake. Mwalimu akafungua kopo, akanusa, akafunga. Akauliza kama kuna mwenye swali. Hakuna aliyecheka. Maksi siwaambii, ila sup sina.

Kitu kimoja bado kinanisumbua. Siku ya kuondoka nilimuuliza babu kwa nini alipeleka gobore polisi lakini kopo akabaki nalo miaka yote hii. Akasema gobore liliweza kumuua mtoto wa mtu, kopo haliwezi. Akaendelea kupaka mafuta kwenye kamba ya kufungia ndama, mimi nikapanda gari. Tulipopita chini ya yale mawe ya mgodi nikamkumbuka yule mzee wa asali anayetupa masega. Nyamongo ina vitu vingi ambavyo thamani yake inaanzia vikishafika mbali. Mimi sina jawabu la dhahabu. La nta nimempa: nimemwambia mzee asitupe tena, na fundi viatu amekubali kununua. Shangazi kasema atasimamia, mradi sufuria mpya iletwe.

Sufuria! Hapo ndipo ninapowapiga mzinga rasmi. Bumu likitoka nitarudisha.

Tuko pamoja. Nawasilisha.